Kiboksi cha Amlogic na CoreELEC: uzoefu wangu na video za zamani zenye mistari

Kama una DVD za harusi, kanda za taarabu au mechi zilizorekodiwa enzi za TV za kichogo, na ukizicheza kwenye kiboksi cha Android kila kinachotembea kinaota mistari pembeni, endelea kusoma. Anayetazama sinema za mtandaoni tu anaweza kupita, hili tatizo halimhusu.

Ninachotumia sasa ni kiboksi chenye chipu ya Amlogic S905X3 na RAM ya GB 4. Nilikipata kwa mtu aliyekuwa amekichoka, bei haikufika laki moja, nikakiwekea mfumo wa CoreELEC. Kabla yake nilikuwa na kingine, kipya cha dukani, ambacho sitakitaja jina. Nje ya pakiti kilijisifu kwa 4K na 8K na kweli hakikugomea faili hata moja. Tatizo lilikuwa namna kilivyozicheza.

Nieleze kwanza hiyo mistari inatoka wapi. Kamera za zamani za mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika huku kwetu, hazikuchukua picha nzima kwa mkupuo. Zilichukua nusu-picha 50 kwa sekunde: moja ina mistari ya witiri, inayofuata ina ya shufwa, 288 kila moja, jumla 576. TV ya kichogo ilizichora hivyo hivyo kwa zamu na jicho likaona mwendo laini. Flati haiwezi hivyo. Inawasha mistari yote pamoja, kwa hiyo lazima pawe na mtu katikati wa kuzijenga zile nusu ziwe picha kamili. Kazi hiyo ndiyo wataalamu wanaiita diintalesi. Boksi likizibandika nusu mbili kama zilivyo, linasahau kwamba kati yake imepita sehemu ya hamsini ya sekunde na mtu ameshasogea.

Nilikuwa naonyesha video ya harusi ya shangazi yangu, Tanga. Kuna mahali bibi mmoja anatoka kwenye mkeka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, anaipunga hewani huku anatembea kwa madaha. Nikasimamisha picha hapo. Uso wake uko safi, mkeka safi, lakini mkono na ile noti vimekuwa meno ya kitana, jino moja huku, jino moja kule. Shangazi akauliza, "Mwanangu, mbona deki yangu ya zamani haikuwa hivi?" Na alikuwa na haki ya kuuliza. Deki ya DVD iliyounganishwa kwa zile waya za njano, nyekundu na nyeupe ilipeleka nusu-picha bila kuzigusa, TV yenyewe ikazijenga, na chipu za TV nyingi zinaijua hiyo kazi vizuri kuliko viboksi vya bei rahisi.

Kuna viboksi vinavyoondoa meno kwa njia ya mkato: vinatupa nusu moja, vinaitanua iliyobaki. Meno huyaoni tena na muuzaji atakuapia kwamba shida imekwisha. Tazama sasa miguu ya wachezaji wa mdundiko au mpira uliopigwa krosi. Mwendo wa 50 umekuwa 25, mpira unaruka hatua kwa hatua. Tazama pia mistari ya ulalo, kama ukingo wa jukwaa au nyaya za umeme, utaona inatetemeka kama ina homa. Mimi kwa kweli heri meno kuliko hiyo, angalau meno hayajifichi.

Halafu kuna jambo la hezi, yaani TV inachora picha mara ngapi kwa sekunde, ambalo watu wengi wanalikosa hata wakiwa na boksi zuri. Viboksi vingi vikitoka kiwandani vinapeleka picha kwenye TV kwa hezi 60. Video yetu, kila nusu ikishajengwa kuwa picha kamili, ina picha 50. Ili 50 zijaze nafasi 60, kila picha tano inabidi moja irudiwe, na hiyo ni mara kumi kwa sekunde. Huwezi kuiona ukiambiwa uionyeshe kwa kidole, lakini kamera ikizungushwa taratibu kupitia umati wa watu, picha inakwamakwama na hujui kwa nini inakuchosha macho. Boksi langu la kwanza ungeweza kulipeleka hezi 50 kwa mkono, ila likizimwa na kuwashwa linarudi 60. Nani ana subira hiyo?

Sasa CoreELEC. Ni mfumo uliojitenga mwaka 2018 na LibreELEC, mfumo mwingine wa kuendesha Kodi, umetengenezwa kwa ajili ya chipu za Amlogic tu, na ndani yake kinachoendesha kila kitu ni Kodi, programu ya kuchezea video. Unaiandika kwenye memori kadi kwa kompyuta, unachagua faili la device tree (linaloueleza mfumo boksi lina vifaa gani ndani) linalolingana na boksi lako, unalinakili kwenye kadi kwa jina la dtb.img, basi. Hapo kwenye device tree ndipo wengi wanapokwama, maana duka linaweza kukuandikia S905X3 na ndani kuna chipu nyingine kabisa, na kama si ya Amlogic kazi imeishia hapo. Kuwasha mara ya kwanza kuna kituko chake: unachukua kijiti cha kuchokolea meno, unakiingiza kwenye tundu la AV nyuma ya boksi mpaka usikie kitufe kinabonyea ndani, unashikilia huku unachomeka umeme. Mke wangu alidhani nimerukwa na akili. Uzuri ni kwamba Android haiguswi, ukichomoa kadi inarudi kama kawaida.

Kwenye Kodi nilibadilisha kitu kimoja tu cha maana. Mipangilio, Player, Videos, halafu "Adjust display refresh rate" nikaiweka "On start/stop". Kuanzia hapo video ya 50 ikianza, TV inahamia hezi 50 yenyewe, ukiisimamisha inarudi. Upande wa diintalesi hakuna cha kuchagua. Kazi ipo ndani ya chipu yenyewe: ikikuta faili la MPEG-2 au H.264 (namna mbili za kubana video) lenye alama ya nusu-picha, inaangalia wapi pametulia na wapi panatembea. Palipotulia inaunganisha nusu zote mbili, ukali wa picha unabaki. Panapotembea inajenga mistari inayokosekana. Na inatoa picha 50, si 25.

Nilirudi kwa yule bibi na noti yake. Mkono unapita kama mkono wa mtu, ukisimamisha unaona mpaka hina kwenye vidole. Ukingo wa mkeka bado unatetemeka kidogo kamera inapopanda, siwezi kudanganya kwamba ni kamilifu, lakini ni pale tu na ni kwa mbali. Mechi zilizorekodiwa kwa 1080i, yaani HD ya nusu-picha, ndizo zilizonishangaza zaidi, nyasi hazivurugiki na jezi zenye mistari hazichezi. Kuhusu sauti sina la kusema, iko sawa.

Yasiyonifurahisha yapo. TV inapohama hezi inakuwa nyeusi sekunde mbili tatu, na wazee wanadhani umeme umekatika. Netflix na wenzake usivitegemee humu, kwa hizo unarudi Android. Rimoti nayo ilihitaji kufundishwa. Na hiyo chipu inaamini alama iliyoandikwa ndani ya faili: kama aliyetengeneza faili aliandika kwamba ni picha nzima wakati ni nusu-nusu, meno yatarudi palepale.

Mwenzangu mmoja anatumia Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, na LibreELEC, anaridhika. MPEG-2 ya DVD pale inafanywa na prosesa badala ya chipu maalumu, lakini kwa ukubwa wa DVD haisumbuki. Shida ni kwamba ukijumlisha chaja, kasha na kadi, pesa inazidi kiboksi changu. Asiyetaka kununua chochote aangalie kama boksi lake lina chaguo la kutoa 1080i kwa hezi 50. Hapo anaiachia TV sehemu ya kazi, na mara nyingine matokeo ni mazuri. Inategemea boksi halijaharibu picha kabla haijatoka.

Kwa kanda za MiniDV, zile ndogo za kamera za kidijitali, mimi sitegemei boksi lolote. Saa moja ya DV inakula kama GB 13, na nikishaihamishia kwenye kompyuta naipitisha ffmpeg, programu ya kubadilisha video, kwa kichujio chake cha diintalesi kiitwacho bwdif, ambacho bila kuambiwa kitu kinatoa picha moja kwa kila nusu-picha. Kile cha zamani, yadif, kisipoelekezwa kinatoa 25, kwa hiyo angalia. Jambo jingine la kuangalia ni mpangilio: DV ya PAL huanza na nusu ya chini, mechi za 1080i huanza na ya juu. Ukigeuza, watu wanatembea mbele hatua moja, nyuma hatua moja, kama wanasukumana kwenye daladala.

Kuna faili moja tu limenishinda, nalo ni harusi ya binamu yangu. Studio iliyomhudumia ilichukua kanda ya nusu-picha, ikaipunguza ukubwa bila kuijenga kwanza, ikampa MP4 kwenye flashi. Mistari ya witiri na shufwa ilishachanganyika pale ilipopunguzwa, kwa hiyo meno si meno tena, ni ukungu wenye mapacha. CoreELEC haliwezi, bwdif haiwezi, na boksi la milioni halitaweza. Ukienda kuhamishiwa kanda zako, waambie wakupe faili la DV lenyewe au MPEG-2 kwa 576 kamili, hata kama wanalalamika kwamba ni kubwa, na kanda uondoke nayo nyumbani.