T3 au T4 kwenye chakula cha vifaranga vya samaki?

Zote ni homoni za tezi ya thairoidi, zinazoratibu ukuaji wa mwili. T4 ina atomi nne za madini joto, T3 ina tatu, na hiyo moja iliyopungua ndiyo yenye kisa. T4 ni akiba tu: vimeng'enya vya ini na viungo vingine huing'oa atomi moja ndipo ifanye kazi barabara. T3 hushika vipokezi vya seli papo hapo, tena utumbo wa samaki huifyonza vizuri zaidi. Kwa njia ya chakula ningechagua T3, lakini kwa kipimo kidogo mno. Ikizidi, kifaranga huanza kula misuli yake mwenyewe. Hukonda ubavu, kichwa kikaonekana kikubwa, hata mifupa ikapinda. T4 ni ya taratibu, mwili huidhibiti wenyewe.