Matembezi ya Mtaa wa Kiafrika, Berlin: uzoefu wangu

Nilikwenda Berlin mwezi Septemba kumsalimia mdogo wangu anayesoma huko, nikakaa siku 6. Mbili za mwanzo ziliishia kule ambako kila mgeni hupelekwa: Lango la Brandenburg, mabaki ya ukuta, na yule dinosaria wa Tendaguru aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, ambaye sasa amesimama kwenye ukumbi wa makumbusho, kichwa chake kikiwa zaidi ya mita 13 juu. Ni vitu vya kuona, sikatai. Ila kilichonifanya niandike haya ni asubuhi ya siku ya tatu, nilipolipa yuro 15 nikatembezwa kwa miguu saa mbili na nusu katika sehemu ambayo haimo kwenye vipeperushi vya hotelini. Inaitwa Afrikanisches Viertel, yaani Mtaa wa Kiafrika, iko Wedding, kaskazini magharibi mwa katikati ya jiji.

Kufika ni rahisi. Panda treni ya chini ya ardhi, U6, ushuke Rehberge. Juu unatokea Müllerstraße, barabara pana yenye maduka ya watu wa kawaida, hakuna foleni wala basi la watalii. Kwenye kona ya Otawistraße kuna nguzo ya maelezo iliyowekwa mwaka 2012. Usiipite haraka. Ina pande mbili na maandishi mawili tofauti, kwa sababu wanasiasa wa wilaya walishindwa kukubaliana namna ya kuieleza historia ya majina ya mitaa hii, kila upande ukaandika yake. Mwongoza watalii wetu, dada mmoja mwenyeji wa hapohapo, alitusomea upande wa kwanza, akatuzungusha, akatusomea wa pili. Hakuongeza neno mpaka tulipoanza kuuliza wenyewe. Hapo nilijua nimepata mtu anayeijua kazi yake.

Majina yalianza mwaka 1899 kwa Togostraße na Kameruner Straße, yakafuata mengine. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama kutoka Hamburg, alitaka kujenga jirani na hapo bustani ambamo wanyama na watu wa Afrika wangewekwa watazamwe. Ndiyo, watu. Vita Kuu ya Kwanza ikaikatiza mipango yake, bustani haikujengwa, majina yakabaki. Kwa hiyo unatembea katikati ya nyumba za ghorofa zilizotulia, baiskeli zimefungwa kwenye nguzo, akina mama wanasukuma vigari vya watoto, na ukiinua macho unasoma Sansibarstraße. Unakata kona, Usambarastraße. Mbele, Tangastraße. Kwa mtu aliyewahi kupanda basi kwenda Tanga mjini, hali hiyo haielezeki kirahisi. Nilipiga picha ya kila kibao nikamtumia mama, naye akawa anajibu kwa neno moja tu: "Kweli?"

Sasa nifike penyewe. Barabara moja kubwa ya mtaa huu ilikuwa inaitwa Petersallee. Ilipewa jina hilo mwaka 1939, enzi za Wanazi, kumtukuza Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani aliyezunguka Usagara na jirani zake mwaka 1884 akikusanya mikataba ya hila, na ambaye kule Kilimanjaro aliwanyonga kijana Mabruk na binti aitwaye Jagodia. Mwaka 1986, badala ya kubadili jina, wakuu wa mji walitangaza kwamba Peters wa barabara hii kuanzia sasa ni mwingine, mwanasheria Hans Peters. Kibao kikabaki na jina lilelile. Wakazi na vyama vya Waafrika wa Berlin wakaendelea kudai miaka na miaka, hadi tarehe 23 Agosti 2024 barabara ikagawanywa mara mbili. Kipande kimoja ni Anna-Mungunda-Allee, kumkumbuka mama wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959. Kingine ni Maji-Maji-Allee.

Mimi ni mzaliwa wa Songea. Kwetu Majimaji ni uwanja wa mpira, ni timu tunayoiita kwa utani Wanalizombe, na ni makumbusho tuliyopelekwa na walimu kila Februari kuwakumbuka mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906. Yule dada alisimama chini ya kibao akasoma "Mayi-Mayi", kama Wajerumani wanavyoitamka j. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, dada, samahani, kwetu tunasema maji, maji ya kunywa. Akaniomba nisogee mbele nilitamke tena kila mtu asikie. Nikalitamka. Kisha nikaeleza nilichofundishwa kuhusu Vita vya Majimaji: dawa ya Kinjikitile kule Ngarambe, Wamatumbi waliong'oa pamba mwaka 1905, Wangoni walioingia vitani baadaye, na njaa iliyoua wengi kuliko risasi baada ya wanajeshi wa Kijerumani kuchoma mashamba na maghala. Mzee mmoja wa Kijerumani kwenye kundi letu, aliyesema anaishi mitaa miwili kutoka hapo, alirudia polepole, "Maji. Maji," mpaka likakaa sawa mdomoni mwake. Nilishindwa kuyazuia machozi na sikujaribu sana.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Nyota iliyopungua ni kwa sababu tulikuwa watu 23 na hakukuwa na kipaza sauti. Pale Müllerstraße magari yalimfunika kabisa, waliokuwa nyuma waliambulia nusu ya maneno. Watu 12 wangetosha. Pia walitangaza kwamba maelezo ni kwa Kiingereza, lakini kila aliyeuliza kwa Kijerumani alijibiwa kwa Kijerumani, na sisi wengine tukasubiri tafsiri ambayo mara nyingine haikuja. Nimewaandikia yote mawili. Ukiweza, chagua siku ya katikati ya wiki, na vaa viatu vilivyokwisha kukuzoea.

Mchana tulikula na mdogo wangu, nikamwomba anipeleke sehemu mbili ambazo matembezi hayakuzigusa. Ya kwanza ni Neukölln, karibu na Hermannplatz. Kuna barabara iliyokuwa ya Hermann von Wissmann, afisa wa Kijerumani aliyewazima Abushiri na wenzake pwani yetu. Tangu 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße, kwa heshima ya mama yetu Lucy Lameck wa Moshi, mmoja wa wanawake wa kwanza kushika wadhifa wa juu serikalini Tanzania. Mdogo wangu amekaa Berlin miaka mitatu na hakuwa anajua.

Ya pili inahitaji uinamishe kichwa. Brunnenstraße namba 193, mwendo mfupi kutoka kituo cha Rosenthaler Platz, chini kwenye njia ya waenda kwa miguu kuna kijiwe cha kumbukumbu cha shaba nyeupe kama cha sentimita 10 kwa 10. Ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Ujerumani alijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari wa Wajerumani angali mtoto, akaja Berlin mwaka 1929 kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukuwahi kulipwa. Alifanya kazi ya uhudumu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Wanazi walimkamata mwaka 1941, akafia kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Kijiwe kilikuwa kimefubaa. Mdogo wangu alitoa chupa ya maji kwenye begi, akamwagia kidogo, akakisugua kwa kitambaa chake cha mkononi hadi herufi zikaanza kung'aa. Watu walitupisha pande zote mbili. Tukasimama, tukamsomea Fatiha.