ORS na zinki za duka la dawa Moshi: pakiti inayopita mlango ambao sumu ya kipindupindu haijaufunga

Ukiulizia dawa ya kuhara kwenye duka la dawa muhimu, iwe Pasua, Majengo au karibu na soko la Mbuyuni, unaweza kuonyeshwa vidonge vya kufunga tumbo, antibiotiki, au pakiti ya ORS, unga wa kuchanganya na maji ya kunywa. Pakiti ndiyo isiyo na sura ya dawa, na wengi huirudisha mezani wakisema ni chumvi na sukari tu. Ni kweli ni chumvi na sukari. Kilichomo kimepimwa kwa sababu ambayo haionekani kwa macho, na anayeijua sababu hiyo hataibadilisha kwa kitu kingine wala kuichanganya ovyo.

Lawama inayosikika zaidi ni kwamba "amekunywa na bado anahara". Hapo bidhaa inapimwa kwa kazi isiyo yake. ORS haizuii kuhara. Inarudisha maji na chumvi mwilini wakati kuhara kunaendelea, na ili kuelewa kwa nini hilo ndilo la kutegemea, inabidi kuitazama sumu inayoleta kuhara, na mfano mzuri ni ya kipindupindu.

Bakteria wa kipindupindu hawaingii ndani ya seli za utumbo. Wanakaa juu yake na kutema sumu. Mwaka 1959, mtafiti Sambhu Nath De alionyesha kule Calcutta kwamba majimaji yaliyochujwa bakteria, yakitiwa ndani ya kipande cha utumbo wa sungura, yanatosha kuufanya ujae maji. Sumu hiyo ina sehemu mbili: protini tano za B zilizoshikana kama pete, na moja ya A. Pete inanasa mafuta yaitwayo GM1 juu ya seli, seli inaimeza sumu kwa hiari yake, kisha inaisafirisha kinyumenyume hadi kwenye retikulamu ya endoplazimu, karakana ambamo protini mpya hukunjwa.

Ujanja wenyewe uko hapo. Karakana hiyo ina njia ya kutolea taka. Protini iliyokunjwa vibaya husukumwa nje, hubandikwa alama iitwayo ubikuitini, halafu mashine iitwayo proteasomu huikatakata. Kipande A1 cha sumu, kitokacho kwenye sehemu ya A, kinajikunjua hadi kifanane na protini mbovu, nacho kinasukumwa nje kwa njia hiyohiyo ya taka. Lakini ubikuitini hubandikwa hasa kwenye kijenzi cha protini (asidi amino) kiitwacho laisini, na A1 ina laisini mbili tu. Kwa kukosa pa kubandikwa alama, inaiponyoka mashine, inajikunja upya na kuanza kazi.

Kazi yenyewe ni moja. A1 inabandika kipande cha kemikali, ADP-riboso, kwenye protini ya seli iitwayo Gs. Gs ni swichi: ikishika molekuli ya GTP inawaka na kukiamuru kimeng'enya cha adenili saiklesi kitengeneze cAMP, kemikali ya kupeleka ujumbe ndani ya seli; ikiikata GTP inazima. Ikishabandikwa haiwezi tena kukata, kwa hiyo inabaki imewaka. cAMP inapanda, mlango wa kloridi uitwao CFTR unafunguka, kloridi inamwagika ndani ya utumbo, sodiamu na maji vinaifuata. Wakati huohuo njia ya NHE3, ambayo kwa kawaida huingiza sodiamu mwilini, inabanwa. Mtu mzima aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita 1 kwa saa, kinyesi kikiwa kama maji ya kuoshea mchele. Bakteria wa E. koli wanaowaharisha watoto wana sumu iliyo ndugu kabisa na hii, na nyingine ndogo zaidi inayopitia kemikali nyingine ya ujumbe, cGMP, badala ya cAMP. Matokeo ni yaleyale.

Swichi iliyobandikwa hivyo haina kidonge cha kuizima. Antibiotiki, pale mganga anapoona inafaa, huua bakteria na kupunguza sumu mpya, lakini seli iliyokwisha kutekwa hubaki hivyo mpaka ing'oke yenyewe. Seli za utumbo mwembamba hubadilishwa kwa siku 3 hadi 5 hivi. Kinachotakiwa ni mtu afike siku hizo akiwa hai.

Na mlango upo. Mwanabiokemia Robert Crane alieleza mwaka 1960, kwenye mkutano wa Prague, kwamba glukosi huingia kwenye seli za utumbo ikiwa imeandamana na sodiamu. Protini inayofanya hivyo, SGLT1, huchukua glukosi 1 pamoja na sodiamu 2, na sumu ya kipindupindu haiifungi. Sodiamu ikiingia, maji yanafuata. Mwaka 1971 daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha mchanganyiko wa aina hii wakimbizi wa vita vya Bangladesh katika kambi ya Bangaon, India, dripu zilipokuwa zimewaishia, na vifo vikashuka kutoka asilimia 30 hivi hadi chini ya 4.

Sasa pakiti yenyewe. Fomula ya WHO na UNICEF inayotumika tangu 2003, kwa lita 1 ya maji, ni chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti ya sodiamu gramu 2.9. Jumla ni gramu 20.5. Sodiamu inatoka milimoli (kipimo cha idadi ya chembe) 75 na glukosi milimoli 75, sawa kwa sawa, na osmolariti, yaani wingi wa chembe zote zilizoyeyuka, ni 245. Fomula ya zamani ilikuwa na 311, na iliachwa kwa sababu ile nyepesi hupunguza wingi wa kinyesi na kutapika kwa watoto. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kusoma nyuma ya pakiti ni namba hizi. Pakiti iliyoandikwa sodiamu 90 na glukosi 111 ni ya fomula ya zamani. Ladha ya chungwa haina ubaya, mradi namba hazijaguswa.

Kasoro kubwa ya bidhaa hii, na tunaitaja bila kuipunguza, ni ujazo. Pakiti za lita 1, za nusu lita na za mililita 200 zinafanana mno, na maandishi ya ujazo mara nyingi ni madogo. Muulize muuzaji kabla ya kulipa: "Samahani dada, hii ni ya maji kiasi gani?" Kisha uhakikishe mwenyewe. Pakiti ya lita 1 ikimiminwa kwenye chupa ya lita 1.5 iliyojazwa hadi shingoni, sodiamu inashuka kutoka 75 hadi 50, na maji hayo hayafidii kinachopotea. Pakiti hiyohiyo kwenye chupa ya nusu lita inapandisha sodiamu hadi 150: badala ya maji kuingia mwilini yanavutwa kurudi utumboni, mtoto anazidi kiu, na chumvi ya damu inaweza kupanda hadi kuleta degedege. Kosa hili la pili ndilo la hatari zaidi, na huanzia kwa anayedhani dawa ikiwa kali ndiyo inaponya. Chupa mbili za maji za mililita 500 zilizomwagwa kwenye jagi moja ni kipimo kizuri kuliko kukisia kwa vikombe.

Chemsha maji kwanza, yaache yapoe, ndipo umimine unga. Arusha, iliyo juu kuliko Moshi, iko mita 1,400 hivi juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 95, lakini hata huko dakika 1 ya kutokota sawasawa inatosha kuwaua bakteria hawa. Usichemshe mchanganyiko wenyewe, maana maji yanapungua na chumvi inazidi. Kabla ya kuitupa pakiti, ibinye kwenye pembe za chini: unga hujificha kwenye mkunjo wa pembe, na usipougongagonga utoke, sehemu yake inaweza kubaki humo. Koroga hadi maji yawe maangavu bila punje chini. Onja. Yasizidi chumvi ya machozi. Funika, na baada ya saa 24 mwaga yaliyobaki, uchanganye mengine. Unga ulioganda kama jiwe au kugeuka kahawia urudishe dukani.

Kwa walio Maji ya Chai, Ngurdoto na miteremko mingine ya Meru upande wa Arusha, swali la floridi, madini yaliyomo kwenye maji ya huko, ni halali, na kuchemsha hakuiondoi. Hata hivyo, floridi hudhuru meno na mifupa kwa miaka, kuhara kwa maji huua ndani ya saa chache. Tumia maji yaliyopo.

Kunywesha kuna utaratibu wake. Mtoto chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200, mkubwa anywe kadiri anavyotaka. Aliyekwisha kuonyesha dalili za upungufu wa maji hupewa mililita 75 kwa kila kilo ya uzito ndani ya saa 4, akiwa chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena kijiko kimoja kimoja. Kunyonyesha kusikatizwe.

Zinki huja kwenye karatasi ya vidonge 10 vya miligramu 20. Kimoja kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukikoma siku ya tatu. Chini ya miezi 6 ni nusu kidonge. Katika majaribio ya maabara zinki hubana njia za potasiamu ambazo seli huzihitaji ili kumwaga kloridi inayochochewa na cAMP, kwa hiyo inagusa upande ambao ORS hauugusi. Ladha yake ya chuma inakirihi. Yeyusha kwenye kijiko cha maji yaliyochemshwa au maziwa ya mama. WHO iliweka ORS na zinki katika kifungashio kimoja kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, na ukikikuta chukua hicho, maana zinki ndiyo husahaulika.

Soda si mbadala. Ina sukari gramu 10 hivi kwa mililita 100 na sodiamu karibu hakuna, kwa hiyo huongeza kuhara. Madafu yana potasiamu ya kutosha ila sodiamu haba. Pakiti ikikosekana kabisa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, kwa lita 1 ya maji safi. Magadi yasiingie humo. Vidonge vya kufunga tumbo mtoto asipewe kabisa: maji hubaki yamejaa utumboni wakati sumu inaendelea.

Kuhara damu ni jambo lingine. Shigela huingia ndani ya seli na kuzivunja, na aina yake moja hutoa sumu inayoharibu ribosomu hadi seli ishindwe kutengeneza protini. ORS bado hurudisha maji, lakini mgonjwa huyo anahitaji kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo aliyelegea, asiyeweza kunywa, mwenye macho yaliyozama, au ambaye ngozi ya tumbo ikibanwa inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi: huyo anaweza kuhitaji dripu. Kama bado anameza, beba jagi na kijiko, na muendelee kumnywesha njiani.