Laptopu ya 750,000 na Minecraft: inacheza, lakini ijaribu kabla hujalipia gemu

Hii laptopu ya mwanangu nimekaa nayo wiki tatu sasa, kwa hiyo naandika nikiwa nimeshaijua, sio ile ya kusifia kitu siku ya kwanza kingali na nailoni. Nilinunua Kampala mjini, shilingi 750,000 pamoja na begi, ni ndogo ya inchi 11, prosesa (ubongo wa kompyuta) ni Celeron N4020, RAM (memori ya kufanyia kazi) 4GB, stoo ya mafaili ni 64GB. Kijana yuko Praimari 5 hapa Bombo na likizo hii alichokuwa anataka ni Minecraft tu, ile gemu ya kujenga dunia kwa vitofali, maana binamu zake wa Arua wanacheza na yeye kazi yake ni kusimuliwa kwa simu.

Dukani nikauliza wazi kabisa, kaka hii itaweza Minecraft? Akanijibu, "Hajati, hii inapiga kila kitu, si unaona ni Windows 11." Jamani hilo sio jibu. Windows 11 inakaa kwenye mashine ya milioni tano na inakaa kwenye hii pia, haikuambii nguvu iliyomo ndani. Lakini mimi nililichukua kama jibu, nikalipa, nikapanda taksi nikarudi nyumbani.

Aliyeniokoa ni mjomba wa kijana, nilimpigia kumuuliza gemu inalipiwaje akasema dada subiri kwanza, usitoe hata senti. Akaniambia nibonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, niandike dxdiag, Enter. Inafunguka dirisha inakwambia prosesa gani, RAM kiasi gani, na ukienda kwenye Display unaona grafiki, yaani sehemu inayochora picha, yangu ikaandika Intel UHD Graphics 600. Dakika moja tu! Ningeweza kufanya hivyo palepale juu ya meza ya muuzaji na hili ndilo linaniuma mpaka leo.

Sasa, kiwango cha chini kinachotajwa kwa Minecraft ya Java (toleo la kompyuta pekee) ni prosesa ya Core i3-3210 na RAM 4GB, ila 8GB ndiyo wanashauri. Nikaona hiyo i3 ni ya 2013 na ya kwetu imetoka mwisho wa 2019, nikasema basi tumepita. Kumbe umri hausaidii. Ile i3 ni ya kompyuta ya mezani, inakula wati 55 na inakimbia 3.2GHz muda wote, hii yetu inakula wati 6, mwendo wake wa kawaida ni 1.1GHz, inaweza kuruka mpaka 2.8 lakini haidumu huko. Halafu RAM, nilifungua Task Manager (Ctrl, Shift na Esc) kabla sijafungua kitu chochote nikakuta 2.5GB tayari zimeliwa na Windows yenyewe, na hiyo grafiki haina memori yake, inachota humohumo kwenye zilizobaki.

Kitu kizuri ambacho wazazi wengi hawajui: Minecraft ya Java ina demo ya bure. Unacheza siku 5 za ndani ya gemu, kila siku moja ni dakika 20, yaani dakika 100. Zinatosha kabisa. Tukaweka demo, kijana akakaa, mimi nyuma yake. Mbele kulikuwa na nguruwe anatembea kwenye majani na alikuwa haendi, anaruka hapa, anaganda, unamwona tena kule. Tukabonyeza Fn na F3 maandishi yakajaa skrini, juu kushoto ndiyo fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi inachora kila sekunde, ikawa inacheza kati ya 11 na 14. Mtoto hakusema kitu, ila niliona bega limeshuka.

Tukaingia kwenye mipangilio ya gemu. Render distance, yaani gemu ichore mpaka umbali gani, ilikuwa 12, tukaishusha 6. Hapa ndipo kuna siri yote, kwa sababu inachora pande zote kukuzunguka, 12 maana yake ni vipande 625 vya dunia ya gemu na 6 ni vipande 169 tu, kwa hiyo hujapunguza nusu, umepunguza karibu robo tatu. Grafiki tukaweka Fast, mawingu tukazima, kivinjari tukafunga. Fremu zikapanda 27, 28, mara 30. Nguruwe akatembea vizuri. Mlima wa mbali hauonekani, ni ukungu, lakini mtoto hajali hilo.

Baada ya nusu saa hivi chini inapata moto kwa sababu haina feni, na fremu zinaanza kushuka tena. Kitandani au kwenye mto nimepiga marufuku, ni juu ya meza ya mbao tu.

Jambo jingine tulikaribia kulikosea. Binamu wa Arua wanacheza kwenye simu, na ya simu ni Bedrock, toleo jingine, haiingiliani na Java, hamwezi kukutana kwenye dunia moja. Bahati nzuri kwa kompyuta siku hizi ukinunua unapata zote mbili kwa bei moja, na Bedrock ni nyepesi zaidi. Hiyo ndiyo anacheza sasa, na anakutana na wenzake.

Kwa mengine laptopu sina ugomvi nayo. Kuchapa, PDF za shule, video, inafanya bila shida, na umeme ukikatika jioni anaendelea tu kwa sababu betri inakaa. Ila kwenye jengo lilelile la maduka nilikonunua niliona laptopu zilizotumika, zenye prosesa ya Core i5 kizazi cha 8 na RAM 8GB, kwa laki moja zaidi, nikazipita kwa sababu sio mpya. Leo ningechukua hiyo. RAM ya hii imechomelewa kwenye bodi, huongezi.

Shemeji anakwenda kumnunulia binti yake Jumamosi. Nimemwandikia dxdiag kwenye karatasi, na nimemwambia kama muuzaji akikataa kuiwasha, yeye atoke tu, maduka pale ni mengi.