Matembezi ya saa tatu Warsaw: nyumba zilizokificha Kipoland

Kampuni inayoendesha matembezi haya ya miguu inaahidi kumwonyesha mgeni jinsi Wapoland walivyobaki taifa kwa miaka 123, kuanzia 1795 hadi 1918, wakati nchi yao haikuwamo kwenye ramani kwa kuwa Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeigawana. Kwa sehemu kubwa ahadi imetimizwa, hasa kwa sababu kiongozi wetu hakuanzia kwenye kasri la wafalme bali mtaa wa Freta, mbele ya nyumba namba 16 alimozaliwa mwaka 1867 Maria Skłodowska, mwanasayansi ajulikanaye zaidi kama Marie Curie.

Hapo tulisimama karibu nusu saa, nami sikuona ni nyingi. Baada ya uasi wa Wapoland wa 1863 kushindwa, Warusi waliotawala Warsaw walikifanya Kirusi kuwa lugha ya shule, na wanawake hawakupokewa katika chuo kikuu cha Warsaw. Ndipo walimu wakaanza kufundisha kwa siri sebuleni mwa watu, wakihama nyumba hadi nyumba ili polisi wasiwanase, na masomo hayo yakaitwa Chuo Kikuu Kinachoruka. Maria alisoma humo. Mwaka 1898, yeye na mumewe walipogundua elementi mpya huko Paris, waliiita poloni, kwa jina la nchi ambayo wakati huo haikuwapo.

Katika Kanisa la Msalaba Mtakatifu tulionyeshwa nguzo iliyohifadhi moyo wa mtunzi wa muziki Chopin, aliyefariki Paris mwaka 1849, ambao dada yake Ludwika aliuleta nyumbani. Kiongozi alinyamaza, akatuacha tutazame maandishi yanayoelekeza kwenye Mathayo 6:21, penye maneno ya hazina na moyo. Laiti angenyamaza vivyo hivyo kwenye sanamu ya mshairi Mickiewicz, iliyozinduliwa Desemba 1898 bila hotuba hata moja, kwani ni pale hasa alipowasha kipaza sauti.

Kasoro kubwa ni upande wa Prussia. Habari za watoto wa shule wa Września, mji uliokuwa chini ya Prussia, waliochapwa mwaka 1901 kwa kukataa kujibu maswali ya dini kwa Kijerumani, zilisimuliwa tukivuka barabara, na nusu ya kundi haikusikia. Galicia, yaani sehemu ya Poland iliyotwaliwa na Austria, ambako ilikiruhusu Kipoland shuleni na maofisini, haikutajwa kabisa, ilhali bila hiyo mgeni haelewi kwa nini wasomi waliobanwa Warsaw walikimbilia miji yake ya Kraków na Lwów.

Bei ni ya wastani. Chagueni kundi la asubuhi na siku isiyo Jumapili, maana misa ikianza kanisani, nguzo ile hamtaikaribia.