Corolla 110 ya mwaka 98: bushi, shokapu za KYB na laki tisa na ishirini zilivyoishia

Aisee mi sio fundi, ni mtu tu mwenye Corolla 110 ya mwaka 98, ile ya injini ya 5A, na ukweni kwangu ni Lushoto. Anayejua ile barabara ya kutoka Mombo kupanda juu kupitia Soni ameshaelewa tatizo lilipoanzia. Ni kilometa 30 na kitu za kona tupu, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, na mbele yako Coaster inashuka imekata kona kama iko peke yake duniani. Sasa gari yangu ilikuwa inapanda kule kama boti, unakata stelingi inafikiria kwanza, halafu inalala, halafu nyuma inafuata kwa muda wake. Mara ya mwisho wife alishika ile kamba ya juu ya mlango kuanzia Mombo mpaka tunafika, na hakuongea.

Nilikuta gari imewekwa speisa na mwenye gari wa kwanza, zile raba nene za kunyanyua isiguse matuta. Nilipoinunua niliona sifa kabisa, "imenyanyuliwa hiyo", kumbe ndo nusu ya ugonjwa. Gari ya tani moja hivi ukiipandisha juu uzito wote unapanda nao, kwenye kona inalala zaidi, na driveshafti mbele, zile shafti zinazozungusha tairi, zinakaa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa. Kwa Noah ya shamba sawa. Kwa 110 ya kwenda ukweni, hapana.

Washikaji ushauri wao ulikuwa ule ule, nunua springi fupi, au kata springi mikato miwili gari ikae chini. Kukata springi jamani muache. Ncha ya springi imekunjwa ikae kwenye sahani yake, ukishakata haikai vizuri, na shokapu inabaki inacheza karibu na mwisho wake kwa hiyo kila shimo inagonga kwenye ile raba ya kuizuia isifike mwisho. Kwa barabara zetu hizi hizo shokapu hazimalizi mwaka.

Nikaenda kwa fundi wangu wa Mbezi, nikamwambia nataka shokapu mpya zote nne, nina hela. Jamaa akanyanyua gari, akachukua mtaimbo akachokonoa wishiboni ya kushoto, ule mkono wa chuma unaoshika tairi ya mbele, akaniita, "Bosi njoo uone." Ile bushi kubwa ya nyuma ya wishiboni, raba yenye chuma katikati, ilikuwa imeachana kabisa, chuma ya katikati inaelea. Kulia hivyo hivyo ila nafuu. Linki za stabilaiza, ile fimbo ya kuzuia gari isilale kwenye kona, zinacheza, na boljointi moja, kiungo kinachoruhusu tairi ikate kona, imekufa. Akasema, "We weka shokapu za dhahabu ukitaka, hii gari itayumba tu."

Kwa hiyo tukaanza na raba. Bushi nne za mbele elfu 80, linki za stabilaiza mbili elfu 30, boljointi mbili elfu 50, bushi za amu za nyuma, mikono inayoshika tairi za nyuma, elfu 70, ufundi elfu 50. Speisa zikatoka. Wishiboni ilipelekwa kwenye mashine ya presi, usikubali bushi igongwe na nyundo maana raba inachanika humo humo ndani huoni, halafu miezi mitatu unarudi kulalamika. Jambo lingine nililiona pale na karibu nimbusu yule fundi, nati za wishiboni na za zile amu za nyuma hakuzikaza gari ikiwa juu ya jeki, alizibana kidogo, akashusha gari ikakaa na uzito wake ndo akakaza mwisho. Ukikaza matairi yakiwa yananing'inia, bushi inabanwa ikiwa kwenye mkao wa kuning'inia, ukishusha gari inajipinda na inaishi imejipinda mpaka ichanike. Mafundi wengi hawafanyi hivi, nimewaona.

Nikatembea na hiyo gari wiki mbili bila kugusa shokapu. Kiukweli hapo ndo palinishangaza kuliko kote. Laki mbili na themanini, na stelingi ikawa inasikiliza. Ile kuvutwa kushoto ukifunga breki ikaisha. Ule mlio wa ngo ngo ngo kwenye rasta, vile vituta vidogo vya mfululizo, pale Kibaha ukapungua sana. Kama bajeti yako inaishia hapo, ishia hapo, usijisikie vibaya.

Ila kwenye mawimbi ya lami gari bado ilikuwa inadunda mara tatu nne ndo itulie, na tairi za nyuma zimelika kwa mabonde mabonde, ukipitisha kiganja unayasikia. Hizo ni shokapu zimekufa. Nikaenda Gerezani, kwenye maduka ya spea ya Dar.

Pale nilipewa "Kayaba", ndo KYB hao hao, kwa bei tatu tofauti, boksi zote zinafanana. Pea ya mbele elfu 90, elfu 130, na elfu 230. Yule wa elfu 90 nilimuuliza kwa nini bei hiyo, akasema "bro hiyo ni promosheni." Namba iliyogongwa kwenye bomba na namba ya kwenye boksi zilikuwa haziendani, nikamshukuru nikasepa. Nikachukua za 230, KYB Excel-G, na za nyuma pea laki mbili na kumi. Angalia namba zote mbili, angalia rangi na uchomeleaji, na ukiibonyeza fimbo mpaka chini ukaiachia inatakiwa ipande yenyewe taratibu kwa sababu ya gesi iliyomo, japo hiyo peke yake haikuhakikishii kitu. Wapo walioniambia nichukue used za Japan, pea ilikuwa elfu 80 tu. Mi siamini shokapu ambayo imeshakaa kwenye gari ya mtu miaka 20, ni bahati nasibu.

Kuhusu shokapu zenyewe sasa. Kabla ya kufunga, zisimamishe wima uzipampu mara tano sita zitoe hewa, maana zimelazwa dukani na melini miezi. Usibadili moja moja, badili kwa pea. Na fundi akitaka kubana springi kwa waya au kamba, mnyang'anye, ile springi ikifyatuka inaondoka na taya ya mtu. Wa kwangu ana kibanio cha nati ndefu, alichukua kama masaa matatu kwa zote nne, elfu 40.

Siku ya kwanza niliona ngumu. Wife akasema gari imekuwa kama ya mkaa, na hakukosea sana, ukienda taratibu kwenye vishimo vidogo vya mtaani unavisikia kimoja kimoja. Ukishapita spidi ya 40 hivi raha inaanza, linapita wimbi gari inapanda inashuka mara moja imetulia, kwisha. Hii sio shokapu ya mashindano, ni ya kurudisha gari ilivyotoka kiwandani, na kwa hela hiyo ndo nilichokuwa nataka. Anayetaka ngumu zaidi bila kubadili springi, KYB hao hao wana New SR Special za bluu, za soko la Japan. Kwa uzoefu wangu wa vishimo vya Mbezi, mi sitaki.

Sasa kosa langu, na ni langu mwenyewe, fundi alinionya. Mountingi za juu za mbele, zile zinazoshikiza shokapu kwenye bodi, nilisema tuzirudishe za zamani, elfu 60 nikaiona nyingi. Wiki haikuisha, ukikata stelingi umesimama unasikia "twaaang", springi inajipinda halafu inaachia kwa sababu beringi ya kwenye mountingi imekauka. Kufungua tena. Mountingi 60, ufundi tena 40, na alaimenti, ile ya kunyoosha tairi, niliyokuwa nimeshalipa elfu 30 ikabidi irudiwe maana shokapu za mbele zikishatoka tairi hazirudi zilivyokuwa. Elfu 70 nimeitupa kwa kuokoa 60 ambayo sikuiokoa.

Jumla ya yote laki tisa na ishirini. Bila ubahili wangu ingekuwa laki nane na nusu.

Dawa moja haikunigharimu hata senti, upepo wa tairi. Jamaa wa puncha alikuwa ananijazia 40 kila siku, kibandiko cha mlangoni kinasema 30 na kidogo. Niliposhusha ndo nikajua nusu ya ugumu niliokuwa naulaumu kwenye shokapu mpya ulikuwa upepo. Hapo nikawaomba KYB msamaha kimoyomoyo.

Tumepanda Lushoto mwezi uliopita, watu wanne na gunia la mchele. Kona za kabla ya Soni gari inaingia pale unapoilekeza, nyuma inafuata kwa wakati mmoja na mbele, na ukikutana na Coaster katikati unarudi upande wako bila moyo kusimama. Wife alilala kuanzia Mombo. Mimi sikwenda kasi na sishauri mtu aende kasi kule, ila kuna tofauti ya kukata kona na kubahatisha kona.

Kinachoniudhi ni kimoja, bila speisa gari imekaa chini na kuna tuta moja mtaani kwetu, limejengwa na wananchi wenye hasira, tukiwa watano inagusa. Kwa hiyo wa siti ya nyuma wanashuka, navuka, wanapanda tena. Mama mkwe alipokuja kututembelea naye alishuka.