Wazoa theluji wa Montréal, kwa macho ya mfanyakazi wa usiku

Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Montréal, Kanada. Kutoka mlangoni pale hadi kituo cha basi ni dakika tisa za kutembea wakati wa kiangazi. Ikianguka theluji, safari hiyo inaweza kunichukua dakika kumi au nusu saa, kutegemea kama katrekta kadogo ka minyororo kamepita au bado. Wengi wanaosifu au kulaumu huduma ya jiji ya kuzoa theluji huongelea barabara na magari. Mimi naiongelea kwa miguu yangu, kwa sababu kila alfajiri ndiyo inayobeba mwili uliochoka.

Kwetu Bukavu mvua ikinyesha tunangoja ikatike, maji yanashuka ziwani yenyewe, basi. Hapa nilikuta jiji linaloichukua theluji kama mzigo ambao lazima ubebwe na kupelekwa mahali. Ndicho kinachoitofautisha Montréal na miji mingi ya baridi, ambayo husukuma theluji kando na kungoja iyeyuke. Kwa mwaka huzolewa kama mita za ujazo milioni 12, kwenye mtandao wa barabara na njia za miguu wa kilomita 10,000 hivi.

Kazi inakwenda kwa hatua, na ukizijua utaacha kulalamika bure. Theluji ikianza tu, chumvi inamwagwa. Baridi ikizidi, yaani chini ya nyuzi 15 hasi hivi, chumvi inapoteza nguvu, ndipo wanamwaga kokoto ndogondogo ili mguu upate kushika. Kokoto hizo utaziingiza hadi jikoni, na zisikuudhi, maana bila hizo mama wa miaka themanini hatoki nje. Kisha magreda yanasukuma theluji pembeni, yakianza na barabara kubwa, njia za mabasi na kuzunguka hospitali. Mitaa ya ndani inafuata. Ikirundikana sentimita 10 hadi 15 ndipo inaanza kazi ya kuzoa, na hiyo huchukua siku kadhaa. Siku hizo za katikati ndizo ngumu, kwa sababu tuta linakaa kati yako na barabara na kwenye kona unalivuka kwa kuinua goti. Nunua buti zinazopita kifundo cha mguu. Huo ni ushauri wa mtu aliyekwisha kuloana.

Kuzoa kwenyewe nawaomba msimame japo mara moja mkutazame. Katrekta kanakwangua njia ya miguu na kumwaga theluji barabarani. Greda inaikusanya iwe mstari mmoja mrefu. Nyuma inakuja mashine yenye meno yanayozunguka, inaimeza na kuirusha juu kwa bomba lililopinda hadi ndani ya lori linalotembea sambamba nayo. Lori linajaa upesi sana, linachomoka, na lingine linaingia mahali pake huku mashine ikiendelea kutafuna. Anakuwepo mtu anayetembea mbele ya mashine kwa miguu, akiangalia kama kuna mtoto au chochote kilichofukiwa. Huyo ndiye ninayemheshimu kuliko wote.

Kabla ya hayo, vibao vya rangi ya chungwa huchomekwa kwenye matuta, vikiwa na saa ambazo hupaswi kuegesha: 7 hadi 19, au 19 hadi 7. Wageni wengi hawavielewi, lakini sisi tuna bahati. Ni saa zetu kabisa! Saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, kutwa nzima, au saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, usiku kucha. Hivyo ndivyo ninavyowafundisha watu wetu wanaofika: soma kibao kwa Kiswahili.

Mimi mwenyewe nililipa ili nijue hilo. Katika msimu wangu wa pili wa baridi niliazima gari la binamu yangu, nikarudi nalo kutoka kazini saa mbili asubuhi, nikaliegesha na kulala. Kibao kilikuwa hatua tatu kutoka mlango wa gari. Nilipoamka mchana mtaa ulikuwa mweupe na safi, na gari halipo. Nililia nikidhani limeibwa. Jirani yangu, mzee wa Kihaiti, ndiye aliyenieleza kwamba gari lililozuia kazi huvutwa na kuachwa mtaa wa karibu uliokwisha kusafishwa. Tuliingiza namba ya gari kwenye tovuti ya jiji na kulikuta mitaa miwili mbele. Faini na gharama ya kuvutwa nililipa, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nina programu ya Info-Neige kwenye simu: naweka anwani, inaniambia kama mtaa umepangiwa, unazolewa au umekwisha. Jiji pia hufungua maegesho ya bure ya usiku wakati wa zoezi. Yatafuteni mapema, kabla theluji haijaanguka.

Mtihani mkubwa niliouona ulikuwa Februari 2025. Tarehe 13 ilianguka nyingi, na tarehe 16, kabla hawajamaliza kuzoa ile ya kwanza, ikaja nyingine. Zaidi ya sentimita 70 ndani ya siku nne. Wakati huo nilikuwa namkaribisha mdogo wangu wa ukoo, aliyefika kutoka Goma mwaka wa nyuma, na mji wake ulikuwa umetekwa mwezi Januari. Usiku mmoja king'ora cha gari la kuvuta kikapita mtaani kuwaonya wenye magari, kile cha sauti mbili zinazopokezana. Nilimkuta amesimama nyuma ya pazia, viatu mguuni, simu mkononi.

"Yaya, hiyo sauti ni ya nini?"

Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Nikamwambia ni watu wa theluji, wanataka magari yaondoke. Hakuniamini. Nikamvisha koti langu, tukashuka. Tulisimama pale mlangoni mpaka malori yote yakapita, akiyahesabu kwa sauti ya chini. Yalipofika kumi na saba akaniuliza yanaipeleka wapi. Nikamwonyesha upande wa machimbo ya zamani ya Francon, hapa hapa Saint-Michel. Nyingine humwagwa kwenye mashimo ya majitaka, ambako maji yenye joto huiyeyusha. Zamani waliimwaga mtoni, wakaacha kwa sababu ya chumvi na uchafu uliomo. Ya Francon hukaa hadi kiangazi, mlima wa kijivu kama majivu, watu wakiwa wamevaa kaptura.

Malalamiko yangu moja nayaelekeza kwa kampuni ya binafsi, sitaitaja, iliyopewa kazi ya kusafisha ua wa jengo letu. Mara mbili msimu ule waliisukuma theluji ya uani hadi kwenye njia ya miguu ambayo ilikuwa imesafishwa usiku uleule. Ni marufuku, na ni kukosa utu, kwa kuwa jirani wa chini anatumia kiti cha magurudumu. Tulichukua mabeleshi, mimi na mdogo wangu, tukamfungulia njia.

Kwa hiyo huduma ya jiji naipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa anayekuja mara ya kwanza na hofu ya baridi. Ukiishi mtaa wa ndani, jipe siku nne au tano baada ya theluji kubwa ndipo utarajie njia safi kabisa. Mdogo wangu sasa ana kazi ya asubuhi, na yeye ndiye anayenitumia ujumbe nikiwa kazini: "Yaya, wamepita. Pitia upande wa kushoto."